Nati haijazunguka, lakini imelegea

Basi la abiria lilitupita kwenye daraja la Prince of Wales, pale barabara kuu ya M4 inapovuka maji ya Severn kuingia Wales, na kabla halijamaliza kupita nikahisi mkia wa gari unasukumwa kushoto, alafu unavutwa kulia, alafu kushoto tena, na kila mara zaidi ya ile ya kwanza. Nyuma yangu kulikuwa na karavani, nyumba nzima ya magurudumu, kilo 1,200, na ndani ya gari mke wangu na watoto wawili. Kwenye kioo nikawa naona ukuta mweupe unatokea upande huu, unapotea, unatokea upande wa pili. Nilikuwa maili 55 kwa saa. Nikatoa mguu kwenye mafuta, nikashika usukani unyooke, sikugusa breki, nikasubiri. Ni sekunde nne au tano hivi lakini nazikumbuka moja moja. Mke wangu hakusema kitu, alishika tu mkono wa mlango mpaka tukatulia.

Haya ya kutoa mguu na kutopigana na usukani nilikuwa nimeyasoma kabla hata sijanunua, na namshukuru Mungu niliyasoma. Ukikanyaga breki kwa nguvu gari linapungua mwendo wakati karavani bado inakuja, na inakuja ikiwa imekaa upande, hapo ndo mnakunjana katikati kama kisu. Ukiongeza mafuta ukidhani utainyoosha, unaiongezea nguvu ya kuyumba kwa sababu mwendo ndo chakula chake. Na ukijaribu kuirekebisha kwa usukani kila ukigeuza unakuwa umechelewa kidogo, kwaiyo badala ya kuituliza unaisukuma zaidi. Unaacha mwendo ushuke, basi.

Lakini swali lililonikaa kichwani kuanzia pale ni jingine kabisa. Karavani ilikuwa na stabilaiza, kifaa cha kuizuia isiyumbe. Niliifunga mwenyewe asubuhi hiyo hapa Reading, nikaikagua, ilikuwa imekaa vizuri. Sasa ilikuwa inafanya kazi gani?

Nirudi nyuma kidogo. Mi nimefanya mtihani wa udereva Uingereza baada ya mwaka 1997 kama wengi wetu tuliokuja huku, maana leseni ya nyumbani Tanzania unaiendeshea miezi 12 tu toka ukae, baada ya hapo unaanza upya. Na waliopata leseni ya gari toka tarehe 1 Januari 1997 walikuwa wamebanwa sana kwenye kuvuta trela, ukitaka kuvuta kubwa unafanya mtihani mwingine. Hilo likaondolewa tarehe 16 Desemba 2021, sasa leseni ya kawaida inakuruhusu trela hadi kilo 3,500, ilimradi gari lako lenyewe linaruhusiwa. Ndo tukaanza kuwaza karavani. Watoto wawili, hoteli za likizo bei zake mnazijua, tukaona bora kitanda chetu na jiko letu. Tukapata moja ya mwaka 2003, mtumba, safi ndani, na muuzaji akatupa na stabilaiza yake ya zamani.

Kwa ambaye hajawahi kuiona: nyuma ya gari kuna gololi ya chuma ya milimita 50, karavani inakalia hapo. Gololi inazunguka huru kila upande na hilo ndo tatizo, hakuna kinachoizuia karavani isicheze kama mkia wa samaki ikipigwa na upepo au hewa ya lori. Stabilaiza inaongeza msuguano. Hizi za kisasa kama za AL-KO na Winterhoff zimo ndani ya kichwa chenyewe, zina pedi zinazoibana gololi ukisukuma mpini chini. Yangu ni ile ya zamani ya ufito: chini ya gololi kuna kichwa chenye diski mbili za lainingi, kama klachi ndogo, zimebanwa na nati moja kubwa ya katikati, na kwenye kichwa hicho unachomeka ufito wa chuma cha springi wa karibu mita moja unaokwenda nyuma mpaka kwenye fremu ya karavani. Karavani ikitaka kugeuka, ufito unalazimisha diski zisuguane. Kona ya kawaida inapita, kuyumbayumba kunakufa mapema.

Kituo cha mapumziko cha kwanza baada ya daraja ni Magor. Nikapaki, nikachuchumaa nyuma ya gari, nikashika ule ufito nikautikisa. Ukacheza. Kichwa kizima kikacheza nao, kacha kacha, kama jino la mtoto linalotaka kutoka. Nikaona nati kubwa ya katikati, nikajiambia hii ndo iliyolegea. Nikaikaza kwa spana malaya niliyokuwa nayo kwenye buti, nikaikaza kweli, mpaka ufito ukawa mgumu kuusogeza kwa mkono. Nikaridhika, tukaondoka, nikashika njia ya kushoto kabisa maili 45 kwa saa nyuma ya lori la maziwa. Tukapita Newport kwenye yale mahandaki ya Brynglas, tukapita Port Talbot, hakuna kitu.

Pont Abraham, pale M4 inapoishia, ni kama maili 60 kutoka Magor. Nikashuka tena, nikatikisa. Kacha kacha.

Hapo ndo nikalala kabisa chini na tochi ya simu. Nikagundua kile kichwa cha stabilaiza chenyewe hakijafungwa na ile nati niliyoikaza. Kimefungwa na boliti mbili kubwa, M16 (kipenyo milimita 16), ambazo ndo hizohizo zinazoishikilia gololi kwenye chuma cha gari. Yani stabilaiza na gololi zinakula sahani moja. Na zile boliti zilikuwa zimelegea, sio za kuzungusha kwa vidole lakini spana iliingia nikazivuta karibu robo mzunguko kila moja bila kutumia nguvu nyingi.

Naomba hapa nisipite haraka. Stabilaiza ikilegea karavani inayumba, ni mbaya. Hizi boliti mbili zikitoka gololi inaondoka na karavani yako, uzito wote, inabaki kwenye ile kamba nyembamba ya chuma ya breki ya dharura, ambayo kazi yake ni kuvuta breki ya karavani alafu ikatike. Nilikuwa nimeendesha karibu maili 150 juu ya hizo boliti na familia yangu ndani, huku nakaza kitu kingine kabisa. Kwaiyo kama kuna mtu anasoma hii kwa simu yuko pembeni ya barabara na stabilaiza yake inacheza, aangalie kwanza nini kinashika gololi, mengine yatasubiri.

Nikazikaza kadri mkono wangu ulivyoweza. Alafu nikamuomba mke wangu rangi yake ya kucha, alikuwa nayo nyeupe, nikachora mstari mmoja unaoanzia kwenye nati unapita kwenye boliti mpaka kwenye chuma cha chini yake. Kila moja hivo, na ile nati ya katikati pia. Mafundi wa ndege na wa malori wanafanya hivi kila siku: nati ikizunguka hata kidogo mstari unakatika, unaona kwa macho bila spana.

Kuna kosa moja nililigundua njiani kabla ya Carmarthen, mvua imeanza. Naingia raundabauti, nageuza usukani, gari linataka kwenda moja kwa moja. Halikuteleza mbali lakini nilihisi pua ya gari inasukumwa. Ni ile nati ya katikati niliyoikaza Magor. Stabilaiza ikibanwa kupita kiasi inakuwa kama mti uliofungwa kati ya gari na karavani, karavani inakataa kukunja kona, na kwenye lami yenye maji matairi ya mbele ndo yanayolipa. Nikasimama sehemu ya maegesho pembeni, nikairudisha nusu mzunguko, nikachora mstari mpya. Kiasi sahihi cha ile nati kiko kwenye kitabu cha stabilaiza yako, unapima kwa mizani ya springi ukivuta ncha ya ufito, sio kwa hasira za bega.

Tukafika Tenby, mji wa pwani tuliokuwa tunaenda, jioni, kiwanja cha karavani juu kilimani, bahari inaonekana, watoto washakimbia. Toka Pont Abraham ni kama maili 40. Nikachuchumaa, nikaangalia mistari. Yote imenyooka. Nati ya kushoto mstari wake mzima, ya kulia mzima, ya katikati mzima. Hakuna nati iliyozunguka hata kwa unene wa unywele. Nikashika ufito nikatikisa.

Kacha kacha.

Nilikaa pale kwenye majani nimeduwaa. Ningekuta mstari umekatika ningejua cha kufanya, nanunua nati mpya zenye plastiki ya kujifunga ndani, kazi imeisha. Lakini nati haijazunguka na bado imelegea, hilo nilikuwa sijawahi kulifikiria kwamba linawezekana.

Nikampigia mjomba wangu Tanga. Mjomba alianza utingo akiwa kijana, malori ya Tanga Arusha, baadae akawa fundi na hadi leo miaka hii watu wanamfuata nyumbani. Shikamoo mjomba, marahaba mjomba hujambo, watoto hawajambo, alafu nikamueleza yote na picha nikamtumia. Akanisikiliza mpaka mwisho, akasema usinionyeshe mistari mjomba, mistari inakwambia nati iko wapi, haikwambii imeshika nini. Chukua spana ugonge kichwa cha boliti, unirekodie.

Wanaosafiri na malori kule nyumbani wanaijua hii. Lori likisimama Segera au Korogwe utingo anashuka na kipande cha chuma anazunguka anagonga nati za magurudumu moja moja. Iliyokaza inalia, ting, inabaki ikilia kidogo. Iliyolegea inasema tab, inakufa palepale. Boliti iliyovutwa ni kama uzi wa gitaa, iliyolegea ni kama uzi uliolegea.

Nikagonga ya kushoto. Tab. Ya kulia, tab. Nikamtumia. Baada ya dakika mbili akarudisha sauti: hizo zote zimekufa mjomba. Ungekuta nati zimezunguka ningesema nati. Hazijazunguka, basi boliti imekaa palepale ila vilivyo katikati vimepungua. Angalia umebana nini humo ndani, kuna kitu laini. Akanikumbusha habari ya yubolti za springi za lori, zile boliti za umbo la U, kwamba ukifunga springi mpya huwezi kukaza mara moja ukasahau, safari ya kwanza lazima urudi ukaze, maana rangi inasagika, mabati yanakaa, na asiyerudi ekseli inamhama barabarani.

Nikarudi chini ya gari na tochi na sasa najua natafuta nini. Kati ya gololi na chuma cha gari, vitu vilivyobanwa kwenye zile boliti mbili vilikuwa hivi, toka nje kwenda ndani: gololi yenyewe, pleti ya kushikia soketi ya taa za karavani, pleti ya stabilaiza, alafu kinga ya bampa, ile ya plastiki nyeusi inayozuia bampa isikwaruzwe na kichwa cha karavani, ndo chuma cha gari. Plastiki. Imebanwa katikati ya chuma. Na hizo pleti mbili zote zimepakwa rangi nzito ya poda kila upande.

Sasa hapa ndo pananipa raha kueleza maana nimekaa nalo muda mrefu. Boliti tunaifikiria kama msumari, kitu kigumu kilichokaa. Sio. Boliti ni springi ngumu sana. Ukiikaza unaivuta, inarefuka, na kule kutaka kurudi kwenye urefu wake ndo kunakobana vitu. M16 ya daraja 8.8 (hiyo namba ni uimara wa chuma chake) ukiikaza karibu Nm 200 (newtonmita, kipimo cha nguvu ya kukaza) inavuta kama tani sita. Na kwa ubanaji wa milimita 40 hivi, ule urefu inaoongeza ni chini ya sehemu moja ya kumi ya milimita. Karatasi ya kuprintia ina unene wa sehemu moja ya kumi ya milimita. Yani tani sita zote zinazoshika karavani yako zinatokana na boliti kurefuka kwa kiasi kisichofika unene wa karatasi.

Ukishalijua hilo yote yanafunguka. Rangi ya poda upande mmoja tu inaweza kuwa na unene huohuo. Mi nilikuwa na pande nne za rangi na plastiki juu yake. Plastiki ikibanwa hata haipasuki, inatambaa polepole, inakimbia toka kwenye presha kama unga wa ngano ukiukandamiza. Rangi inasagika na kuhama. Vitu vikipungua kwa unene wa karatasi moja, boliti imerudi kwenye urefu wake, mvuto umekwisha, na nati haijazunguka hata kidogo. Ndo maana kila nikikaza ilikuwa inakaa maili kadhaa alafu inarudi: nilikuwa nabana plastiki, plastiki inatambaa zaidi. Nami nilikuwa na spana fupi. Spana ya sentimita 30 ukiivuta kwa nguvu ya kilo 40 unapata kama Nm 120, ukiwa umelala chali kwenye maegesho sidhani hata hizo nilizifikisha. Kitabu cha chuma changu cha kuvutia kinasema 195.

Kesho yake asubuhi niliiacha karavani palepale nikaenda Haverfordwest kwenye duka la vipuri, nikanunua boliti mbili mpya za 8.8, nati mpya za kujifunga (zile za plastiki ndani hazirudiwi, zikishatoka mara moja zimepoteza ubishi wao), washa nene ngumu. Boliti fupi kidogo kuliko za zamani kwa sababu plastiki haitarudi. Toki renchi, ile spana inayopima nguvu unayokazia, niliazima kwa mzee mmoja Muingereza jirani yetu pale kiwanjani, mstaafu, ameifunga kwenye kitambaa kama dhahabu. Alikuja nayo mwenyewe akakaa kwenye kiti chake kunitazama na mwisho akalala chini na yeye.

Tukafungua kila kitu. Kinga ya plastiki ilikuwa na alama za duara zilizozama mahali boliti zilipobana, unaweka ukucha unaingia. Nikaiweka pembeni, bampa ikwaruzike tu. Pale pleti zinapogusana nikakwangua rangi yote kwa msasa mpaka chuma kikang'aa, sehemu ya mgusano tu, kando kando nikaacha rangi kuzuia kutu. Chuma kwa chuma. Tukarudisha, tukakaza kwa zamu kushoto kulia mpaka toki renchi ikalia klik. Yule mzee akaniambia nigonge. Sikumwambia habari za mjomba, alisema mwenyewe. Nikagonga, ting, na ikabaki ikilia.

Kwa kuwa nilikuwa nimefungua nikaamua nifungue na ile klachi ndogo. Lainingi zake ziling'aa kama kioo na zina mafuta. Nadhani kuna mtu huko nyuma alichoshwa na kelele akapulizia dawa ya kulainisha. Watu wanafanya hivi sana, na nawaelewa, stabilaiza inapiga kelele mbaya mkikata kona za taratibu, lakini ile kelele ni msuguano wenyewe, ukiunyamazisha umeuondoa. Hizi nilizisafisha kwa dawa ya kusafishia breki na kuzikwangua kwa msasa zitufikishe nyumbani, alafu nikaagiza mpya. Wenye stabilaiza za kisasa za pedi wana ugonjwa huu kwa njia nyingine: gololi ya gari imepakwa grisi toka enzi za trela la kawaida, au ni mpya bado ina rangi, pedi zinanyonya grisi au zinajaa rangi na haziwezi kushika tena. Kwenye hizo gololi inatakiwa chuma kitupu kikavu, msasa na dawa ya breki, na kuna alama pembeni ya mpini ya kukuonyesha pedi zimelika kiasi gani. Mpini ukishuka kirahisi kuliko ulivyozoea, tazama hiyo alama, na pima gololi kwa kaliba, kile kipimo cha unene. Yangu ilisoma 49.8, nzuri. Ikifika 49 imekwisha.

Bado kuna jambo moja lilinisumbua. Boliti zilikuwa zinalegea, sawa, nimeelewa. Lakini stabilaiza sio inayoifanya karavani itulie. Karavani iliyopakiwa vizuri nyuma ya gari linalolingana nayo inatakiwa iende yenyewe, stabilaiza ni ya ziada. Uzito wangu ulikuwa sawa, gari ni kilo 1,430 na karavani 1,200, hiyo ni asilimia 84, na ushauri wanaowapa wanaoanza ni usizidi 85. Mbona ilicheza vile kwa basi moja?

Yule mzee akaniuliza pua ina kilo ngapi. Pua ni ule uzito karavani inaoukandamiza kwenye gololi. Inatakiwa iwe asilimia 5 hadi 7 ya uzito wa karavani, kwangu ni kama 60 hadi 84, na gari langu mwisho wake 75. Tukarudisha kila kitu ndani kama nilivyopakia nyumbani, tukaweka mizani ya bafuni na kipande cha mti chini ya kichwa. 38.

Hema la mlangoni, kilo 28, nilikuwa nimelisukuma mwisho kabisa chini ya kitanda cha nyuma kwa sababu ndo lilipoenea. Na boksi la chakula, kilo 30 nzima, unga wa sembe, mchele, masufuria yetu mazito, maana hatusafiri bila sufuria la ugali, nalo nyuma. Yote nyuma ya ekseli. Chuo Kikuu cha Bath wamelifanyia utafiti jambo hili la karavani kuyumba, na ukisoma watu wa huko wanarudi kwenye hayohayo: uzito wa pua, na jinsi mzigo ulivyotawanyika mbali na ekseli. Mzigo mzito ukiwa mwishoni ni kama jiwe ulilofunga kwenye ncha ya kamba, ukishaanza kuzunguka haukubali kusimama. Tukaleta hema juu ya ekseli sakafuni, boksi likaja mbele kidogo ya ekseli, tukapima tena, 71. Vitu ni vilevile, hakuna tulichotoa.

Kwaiyo hiyo ndo ilikuwa hali yetu pale darajani. Karavani iliyopakiwa vibaya, iliyokuwa inabebwa na stabilaiza muda wote toka Reading, na mi nikidhani naendesha vizuri. Zile maili kama 80 za mwanzo ambazo zilikuwa shwari stabilaiza ilikuwa inanifichia. Ilipolegea nikaona ukweli wa mzigo wangu. Nimeliwaza sana hili na ndo maana siku hizi ninapopakia napima pua kwanza, alafu ndo nachomeka ufito, sio kinyume chake. Na kuna wakati nataka kujua karavani iko vipi naivuta kwanza barabara ya kimya, maili 30 kwa saa, bila stabilaiza, nisikie mwenyewe.

Siku ya kurudi nilichora mistari mipya na tukapanga kusimama kila kituo, watoto wakafurahi kwa sababu kila kituo kina kitu cha kula. Pont Abraham, mstari mzima, ting. Sarn Park, ting. Magor, kabla ya daraja, nikagonga mara mbili mbili. Upepo ulikuwepo, zaidi ya ile siku ya kwanza. Darajani lori refu likatupita, karavani ikasogea mara moja kushoto, ikarudi katikati, ikakaa. Mke wangu akanitazama, nikamtazama, tukaendelea. Leigh Delamere nikaweka toki renchi, niliyokuwa nimeshanunua yangu, kwenye 195, boliti ya kushoto ikalia klik bila kusogea na ya kulia ikasogea kidogo sana, upana wa mstari wenyewe. Hiyo ni kawaida baada ya kufunga upya, chuma kinakaa. Nilirudia tena tulipofika nyumbani, hakuna iliyosogea.

Nikamrekodia mjomba ting mbili nikamtumia usiku ule. Alijibu asubuhi, nilikuwa naenda kazini: "Hizo nzima mjomba. Na za magurudumu ya karavani umezigonga?"

Sikuwa nimezigonga. Nikarudi ndani kuchukua spana.